Cheti cha Marehemu

Kila Jumapili baada ya misa, Mwalimu Adelina Lugembe alipita dukani kwa Majidi akiwa bado amevaa viatu vya kanisani vinavyombana vidole. Hakupita kununua kitu. Alipita kuangalia kama chupa za asali ya nyumba yao zimepangwa mbele, lebo zikitazama mlangoni, jinsi marehemu mumewe alivyopenda zipangwe. Jumapili ile ya mwisho wa kiangazi alizikuta zimehamishiwa rafu ya nyuma, karibu na viberiti na sabuni za mche.

Majidi alikuwa Mzaramo, na utani kati ya nyumba yake na nyumba ya akina Lugembe ulikuwa mkongwe kuliko wao wote wawili. Enzi za misafara ya pwani, babu wa mmoja alimzika babu wa mwenzake njiani, na tangu hapo wajukuu wakapata ruhusa ya kutukanana bila kugombana. Siku ya maziko ya Ezekia Lugembe ni Majidi huyo huyo aliyeingia kaburini kabla jeneza halijashushwa, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe asali. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na Adelina mwenyewe alicheka, kilio kikapungua uzito.

Kwa hiyo Jumapili ile Majidi alipoanza, hakuna mteja aliyeshangaa.

"Mtani," alisema, "juzi mgeni wangu wa Dodoma ameonja asali yenu, akataka kuagiza nyingine kwenye mtandao. Simu ikamkatalia. Ikawa nyekundu skrini nzima, ikamwambia hapa kuna wezi, rudi ulikotoka. Nikasema afadhali, sasa hata simu imewajua Wanyamwezi."

Wateja wakacheka, wakageuka kumtazama Mwalimu, maana zamu ilikuwa yake. Siku nyingine angejibu kwamba Mnyamwezi akiiba walau ameamka mapema, Mzaramo hata wizi humsubiri jirani aanze. Majibu kama hayo alikuwa nayo tele. Siku ile halikuja hata moja. Aliuliza tu ilikuwa simu ya aina gani.

Majidi aliuona uso wake, akamsogezea kigoda. "Mtani, nimetania."

"Najua umetania," alisema Adelina. "Lakini chupa umezirudisha nyuma."

Majidi aligeukia rafu akaanza kupanga viberiti, kwa sababu hilo halikuwa utani.

Adelina alitembea taratibu hadi nyumbani, mtaa wa Isevya hapo Tabora, miguu ikimuuma, akiitikia shikamoo za wanafunzi wake wa zamani, ambao wengine sasa walikuwa na wajukuu. Alikuwa amefundisha Kiswahili na Jiografia hadi alipostaafu. Hakuwahi kukopa chumvi kwa jirani, hakuwahi kusikika akigombana na mumewe, na matangazo ya kanisani yaliyoandikwa vibaya aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kuyarudisha kwa katibu wa parokia bila kusema neno. Jina la Lugembe alilipata kwa ndoa, lakini alilitunza kuliko waliozaliwa nalo.

Asali ilikuwa ya Ezekia. Mizinga ilikuwa katika misitu ya Sikonge, na kila mzinga ulichongwa alama ya ukoo, unyayo wa kanga, mistari mitatu inayokutana kisiginoni. Babu yao ndiye aliyeanza kuichonga, na mtu akiikuta hiyo alama mtini, hata awe na njaa namna gani, hupita. Ezekia aliiweka kwenye chupa. Alipenda kusema chema chajiuza. Mkewe alikuwa akimjibu kwamba chema chajiuza kwa wanaokijua, ila mtu wa Dar es Salaam au wa Arusha atakijuaje? Kwa hiyo tovuti ilikuwa wazo la Adelina. Ezekia alifariki kabla haijakamilika, na mjane akaimalizia kama mtu anavyomalizia nyumba iliyoachwa kwenye linta.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini kwa Magreth, aliyeitengeneza. Magreth alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa mama mtu mzima mwenye shahada na miwani, ofisi yake ikiwa juu ya duka la dawa karibu na soko. Alisimama kumwamkia, akamvutia kiti, na bila kuzunguka akamwambia kwamba habari hizo amezipata, alikuwa akijipanga kumpigia.

Alimweleza polepole. Simu, alisema, haimjui mtu yeyote. Ikifungua tovuti, hutaka kuona cheti, na cheti hicho hutolewa na kampuni inayosema: mimi nimewakagua hawa, ndio wenyewe. Wenye kutengeneza vivinjari, yaani ile programu ya kufungulia mtandao, wana orodha ya kampuni wanazoziamini. Sasa ile iliyowapa akina Lugembe cheti ilikuwa imefutwa kwenye orodha hiyo. Ilibainika ilikuwa inagawa vyeti bila kukagua, mpaka matapeli waliojifanya benki wakapata chao. Ilipofutwa, wote iliowadhamini walianguka nayo.

"Kwa hiyo sisi hatujakosa," alisema Adelina.

"Hamjakosa, Mwalimu. Aliyekosa ni mdhamini wenu."

"Na mdhamini akiwa mwongo, mdhaminiwa anaitwaje?"

Magreth alivua miwani akaifuta.

Wote wawili walikumbuka jambo moja, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja. Mwanzoni Magreth alikuwa amependekeza cheti cha bure, ambacho hutolewa na kampuni ya kuaminika na kinatosha kabisa kulinda mawasiliano ya wateja. Adelina alikikataa. Alitaka kujua kinasemaje kuhusu familia. Magreth akasema hakisemi lolote kuhusu familia, kinathibitisha tu kwamba tovuti ni hii na mlango wake umefungwa. Mwalimu akasema hataki mlango usio na jina. Akataka kile ambacho jina hukaguliwa, kampuni hudai hati, hupiga simu, huuliza, kisha jina huandikwa ndani ya cheti chenyewe.

Alijiandaa kukaguliwa kama anayesubiri ugeni wa askofu. Alipanga hati mezani, akafunga kilemba, akakaa sebuleni na simu mapajani, akitunga majibu kwa Kiingereza safi. Simu haikuita. Kesho yake haikuita tena. Kisha cheti kikaja chenyewe, kimeandikwa jina la biashara, Ezekia Lugembe na Wanawe, Tabora, Tanzania. Alimwomba Magreth akichapishe, akakitia kwenye fremu ya kioo na kukitundika sebuleni. Wageni walipouliza aliwaambia kwamba wengine husumbuliwa miezi, lakini sisi hawakutuuliza hata swali moja. Jina letu linajulikana.

Na siku cheti kile kilipoandikwa, Ezekia alikuwa tayari na nyasi juu ya kaburi lake.

"Naweza kuwawekea kile cha bure leo hii," alisema Magreth kwa sauti ya chini. "Wekundu utaondoka kabla ya jioni."

"Weka," alisema Adelina. Alikuwa amechoka, uchovu wa kupanda ngazi ambazo zamani hakuziona kuwa ngazi. "Weka, halafu tafuta kampuni ya kweli, utuombee kwao kile kingine. Sasa nataka wanikague."

Wekundu uliondoka siku hiyo hiyo. Maneno hayakuondoka. Mtu alikuwa amekwisha kuipiga picha skrini nyekundu na kuitupia kwenye kundi la simu la ukoo, ikasafiri Nzega, ikafika Igunga, ikarudi imeongezewa chumvi. Wengine walisema asali imekutwa na sukari. Wengine walisema polisi wamefunga duka, ingawa Adelina hakuwahi kuwa na duka. Kampuni mpya nayo, kabla hata hajafurahi kwamba wameitikia, iliandika kwa adabu kuwa katika usajili wa biashara mmiliki ni Bwana Ezekia Lugembe, na wangependa kuzungumza naye.

Alikuwa bado hajajua ajibu nini, treni ya Mwanza ikamleta shemeji yake.

Bernardo Lugembe, kaka wa marehemu, alikuwa katekista huko Bukene, mrefu, mkavu, mwenye kuongea kama mtu anayelipia kila neno. Tangu matanga ya Ezekia yalipoisha, salamu kati yake na Adelina zilikuwa fupi. Siku ile ya kumaliza matanga wanaume wa ukoo walikaa uani, wakamwita mjane, wakamuuliza marehemu ameacha mizinga mingapi na nani anaiangalia. Adelina aliona anahojiwa kama mwizi, tena mbele ya watu ambao barua zao za serikali alikuwa akiwaandikia yeye. Aliinuka, akaingia ndani. Kikao kikavunjika, hakikuitishwa tena.

Sasa Bernardo aliingia, akaitikia shikamoo yake, akapewa kiti cha marehemu, akakikataa na kukaa kwenye benchi la mlangoni. Chai aliipokea lakini hakuinywa. Alieleza kwamba pale stesheni Bukene watu wanamuuliza kama ni kweli akina Lugembe wamekuwa matapeli wa mitandaoni, na kwamba hakuwa na la kuwajibu. Kisha akasema alichokijia.

"Shemeji, nimekuja kuchukua jina. Uza asali, sikukatazi. Iite ya Adelina. Lugembe na unyayo wa kanga ni vya baba yetu, naomba uvitoe kwenye chupa."

Adelina hakukasirika, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Hasira ni kazi, na yeye nguvu za kazi hiyo hakuwa nazo. Alimweleza habari za mdhamini mwongo kama Magreth alivyomweleza. Bernardo alisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka, akaisogelea fremu ukutani na kusoma, kidole kikifuata herufi juu ya kioo.

"Hiki kilitolewa Ezekia akiwa hai?"

"Hapana."

"Kwa hiyo watu wa mbali wamempa marehemu cheti, na hapa nyumbani kikatundikwa."

"Kwetu mtu akifa mizinga yake hailinwi," aliendelea Bernardo, akiwa bado ameelekea ukutani. "Nyuki huachiwa asali yao mpaka ukoo ukae, umtaje mtu. Hilo unalijua. Wewe ulilina."

"Mlinihoji kama mwizi, shemeji."

Bernardo aligeuka. Alionekana kweli kushangaa. "Tulikuuliza mizinga mingapi. Kila anayetajwa huulizwa hivyo. Mimi waliniuliza wajomba nikiwa nimeshaota ndevu, wakaniuliza mpaka nikatokwa na jasho. Asiyeulizwa ni yule ambaye hatutaki kumtaja. Sisi tulikuuliza, ukaingia ndani. Miaka yote hii tunasubiri utoke."

Nje mwanamke wa kuuza mihogo alipita akinadi, sauti ikafifia kuelekea sokoni. Adelina aliitazama fremu. Aliyakumbuka majibu yake ya Kiingereza aliyoyatunga bila kuulizwa, na jinsi alivyojivuna kwa kutoulizwa. Magoti yalimuuma. Alitamani kulala wiki nzima.

"Nitakuja Bukene," alisema. "Mniulize."

Majidi alisafiri naye bila kualikwa. Alisema mtani hapelekwi msibani wala kikaoni kwa barua, na safari nzima alilalamika kwamba Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu mpaka pwani lakini wao wenyewe hawawezi kumbebea mgeni hata kapu. Chupa za asali hakuwa amezirudisha mbele, na Adelina hakumuuliza.

Walikaa uani kwa Bernardo, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na Mwalimu Adelina akawekewa kigoda katikati, mahali pa anayeulizwa. Wazee walisalimiana mwangaluka, kisha mazungumzo yakageuzwa Kiswahili kwa ajili ya Majidi, ambaye alidai Kinyamwezi humwasha masikio. Maswali yakaanza. Walitaka kujua nani analinda mizinga, asali inachujwa wapi na nani anashika ufunguo. Kama imewahi kutiwa sukari, aseme. Aliyajibu moja baada ya moja, mikono mapajani, sauti ya darasani ikimtoroka kidogo kidogo hadi ikabaki sauti yake tu.

Ndipo Bernardo akauliza lile la zamani. Mizinga mingapi?

Adelina alifungua mdomo. Alijua idadi aliyoiacha Ezekia, lakini miti imekatwa tangu wakati ule, mizinga mingine imeanguka, na yeye msituni hakuwahi kukanyaga. Asali aliipokea ikiwa imeletwa, akatazama rangi yake, akabandika lebo. Aliwaamini walioileta kwa sababu Ezekia aliwaamini.

Majidi akakohoa. "Mtani, mficha uchi hazai. Sema, tulale njaa au tule."

"Sijui," alisema Adelina.

Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya umati. Alingoja liangushe kitu. Halikuangusha. Wazee wawili watatu waliitikia kwa vichwa kama watu waliopewa walichokitaka, na Bernardo akasema basi, mvua zikiisha, watakwenda Sikonge pamoja, wakaione mizinga mmoja mmoja.

Shangazi Sayi, mkongwe wa ukoo, alikuwa hajamaliza. Alitaka kujua mjane akiolewa tena atalipeleka jina kwa nani.

"Nikiolewa, jina nitaliacha mlangoni kama viatu," alijibu Adelina. "Lakini msisumbuke, shangazi. Miguu yenyewe imechoka kuvaa."

Mkeka mzima uliangua kicheko. Majidi akasema kama ni hivyo yeye anaondoa posa yake, hawezi kuoa mke asiye na viatu, na mtu mmoja akamrushia ganda la karanga. Kisha wakamtaja. Bernardo alisimama kama anavyosimama kanisani, akasema kuanzia leo anayeshika asali ya Ezekia ni mkewe Adelina, ukoo unamjua, na atakayeuliza aletwe kwao.

Muhtasari wa kikao ulipelekwa Mahakama ya Mwanzo, na kutoka mahakamani karatasi zikaenda kwenye usajili wa biashara. Kulikuwa na kwenda na kurudi kwingi, mihuri iliyokosekana, karani aliyekwenda likizo. Bernardo alikuja Tabora kila alipohitajika, akalala chumba cha wageni, akaamka mapema kuliko kuku na kufagia ua bila kuombwa, jambo lililomuudhi Adelina kuliko lilivyomfurahisha. Kidogo kidogo alianza kunywa chai anayopewa.

Simu iliita Bernardo akiwa pale pale, akingoja muda wa treni. Alikuwa kijana wa kiume wa kampuni mpya ya vyeti, anazungumza Kiswahili cha Nairobi, mwenye haraka lakini mwenye adabu. Alimtaka Adelina ajitambulishe. Aliuliza jina kamili, mtaa, namba ya usajili, tangu lini, kwa nini mmiliki amebadilika. Adelina hakuwa amefunga kilemba wala kupanga hati. Alikuwa amekaa na kanga, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

"Mimi ni Adelina Lugembe," alisema, "mjane wa Ezekia."

Kijana akauliza kama kuna mtu mwingine ambaye jina lake liko kwenye zile hati, anayeweza kuthibitisha hayo. Adelina alimnyooshea Bernardo simu juu ya beseni.

Bernardo aliishika kwa mikono miwili. Alieleza kwa sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto kwamba huyu ni mke wa ndugu yake, kwamba ukoo ulikaa, ulimuuliza, alijibu. Kisha akawa anasikiliza. Akasema ndiyo. Akasema hapana. Asilolijua akasema halijui. Swali likafuata swali, na Adelina akawa anasikia jina lake likitajwa mbele yake kama la mtu asiyekuwapo. Mara mbili aliona Bernardo amepotea njia, na mara mbili aliuzuia ulimi wake usimsahihishe.

Hatimaye shemeji alimrudishia simu, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Huyu kijana anauliza kama wajomba zetu."

"Ndiyo kazi yake."

"Mbona wale wa kwanza hawakuuliza?"

Adelina alitoa mguu mmoja majini, akaufuta polepole kwa pindo la kanga. Ukutani, ndani ya ile fremu, cheti hakikuwapo tena. Alikuwa ametia picha ya Ezekia, ambayo miaka yote ilikuwa imekaa bila kioo, ikiingia vumbi.

"Nilidhani wananiheshimu," alisema.

Bernardo alitafakari hilo, akachukua kofia yake, kisha akairudisha magotini. Treni ilikuwa bado. Aliinuka, akaisogelea picha ya mdogo wake na kuinyoosha kidogo upande mmoja. Halafu, kwa sababu benchi la mlangoni lilikuwa limepigwa na jua, akaenda kukaa kwenye kile kiti alichokuwa akikikataa, akaomba aongezewe chai. Adelina alimwambia jiko analijua, ajimiminie mwenyewe. Yeye alikuwa bado na mguu mmoja majini, na hakuwa na nia ya kuutoa.